Nguzo ya Tatu

Bibi Shamba hakupima mkungu wa ndizi kwa mizani. Alikuwa na kulabu ya chuma kwenye nguzo ya tatu ya Banda la Maonyesho, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, na kila mkungu ulioletwa kushindana ulitundikwa pale. Alisubiri uache kuyumba. Kisha alipiga magoti, akachomoa penseli ya seremala nyuma ya sikio, akachora mstari kwenye nguzo pale ndizi ya mwisho ilipoishia. Mkungu mrefu ulishuka chini zaidi, kwa hiyo kwenye nguzo ile mshindi alikuwa mtu wa chini. Wageni kutoka mjini hawakulielewa jambo hilo. Walitazama mistari ya juu na kuwapongeza watu ambao mikungu yao ilikuwa mifupi kama ya kuchemshia mtoto.

Afisa kilimo mwanamume huitwa bwana shamba. Wetu alikuwa mwanamke, tukamwita Bibi Shamba, na sikumbuki mtu yeyote akimwita jina lingine. Alizaliwa wapi na nani, sitaandika, kwa sababu hakupenda kuulizwa. "Niulize nimepanda nini," alisema.

Baada ya mstari, aliandika pembeni mwaka na mahali mkungu ulikotoka. Jina la mtu hakuandika. Badala yake alimsimamisha mshindi, mgongo kwenye nguzo, akamgusa mguuni pale mstari ulipomfikia. "Wewe umekufika gotini." Mtu alirudi nyumbani na cheo hicho. Baba yangu, ambaye hakuwahi kushinda kitu kingine maishani, alikuwa wa chini ya goti, vidole viwili, na kila akinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, alikunja suruali kuwaonyesha wageni.

Banda lenyewe linasimama kando ya njia iendayo Kihanga. Kuta ni za matofali ya kuchoma, paa la bati, na katikati zimepangwa nguzo sita za mti mgumu kwa mstari mmoja. Lina milango miwili. Mmoja unatazama barabara. Mwingine unatazama malisho, nao ulijengwa mpana ili ng'ombe wa pembe ndefu apite bila kugeuza shingo. Serikali ililijenga kwa ajili ya maonyesho ya wakulima, na kwa miaka mingi siku hizo zilikuwa siku pekee ambazo mtu wa Mabira na mtu wa Nyakahanga walikutana bila kuwepo msiba au kesi.

Ukarimu wa Bibi Shamba ulikuwa na mipaka iliyo wazi. Ukifika kwake alikupa kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na majani na kukaushwa, akiifunua kutoka kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. Alikupa punje tatu. Ukiomba ya nne alikuuliza kama kwenu hamna mibuni.

Alikuwa na kamba ya futi kumi aliyoizungusha kiunoni juu ya gauni. Aliingia nayo kwenye kibanja chako, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, akapima kutoka mgomba hadi mgomba, na ukikuta amesimama mahali pamoja muda mrefu ujue kuna mgomba utang'olewa. Hakuogopa mtu. Alimwambia padri kwamba migomba yake imesongamana kama waumini wa Krismasi. Alimwambia mwinjilisti wa Kilutheri maneno hayohayo wiki hiyohiyo, ili asionekane kupendelea.

Lakini kibanja chake mwenyewe kilikuwa msitu. Migomba, mibuni, maharage na maboga vilikuwa vimekumbatiana humo hata kuku alipotea. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini.

"Ile migomba ya kwenu ni kazi," alisema. "Hii ni nyumbani."

Jibu hilo lilinikera kwa miaka. Mimi ni mtu wa aina ambayo jibu kama hilo humkera.

Heri niseme sasa mimi ni mtu wa aina gani, kwa kuwa bila hilo kosa langu halitaeleweka. Nachora vibao. Sikufundishwa na mtu. Nilipomaliza darasa la saba hapakuwa na shule ya kuendelea, nikaanza kunakili vibao vya hospitali ya Nyakahanga kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko letu: WAGONJWA WA NJE, USITEME MATE. Nilijua herufi R ina shida kabla sijajua kwamba kuna watu wanaolipwa kuichora. Hadi leo nikikosea herufi moja nafuta kibao kizima. Mikono hunitoka jasho kabla ya kazi. Natembea na msasa ndani ya mkoba jinsi wanawake wengine wanavyotembea na leso. Hata habari hii nimeianza upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Bibi Shamba alikuwa kinyume changu. Alifanya jambo mara moja, akafunga mlango, akaenda zake.

Mwaka ule vita vilipoanza, mwishoni mwa sabini na nane, watu wa mpakani walianza kushuka na mikeka, mbuzi na wagonjwa. Nilikuwa mdogo, nakumbuka vumbi lao na sauti ya mbuzi. Mengine alinisimulia yeye. Mtunza ufunguo wa Banda alikuwa amekimbia na ufunguo wake. Bibi Shamba alikuwa na wa pili, aliopewa kwa ajili ya siku za maonyesho tu. Akafungua. Watu wakalala juu ya zile meza ndefu za kupangia mikungu na mahindi.

"Nilikuwa na ufunguo," alisema kila aliposimulia. "Ruhusa sikuwa nayo. Basi nikatumia nilichokuwa nacho."

Siku ya tatu akaja mama mmoja peke yake, na kichwani amebeba mkungu mmoja mkubwa wa enshakara, ndizi zetu za kupika. Hakuwa na kitu kingine. Hakubeba sufuria wala blanketi. Alikuwa ametembea siku mbili. Watu wakamuuliza kama amerukwa na akili, akasema mgomba ule aliulea tangu chipukizi, na hakuwa tayari kuwaachia askari wa mtu yeyote waje waukate. Bibi Shamba akautundika kwenye kulabu. Watu waliokuwa wanalia wakanyamaza kutazama. Alisubiri uache kuyumba, akapiga magoti, akachora mstari, chini kuliko mistari yote iliyokuwepo. Ndipo mkungu ukakatwa, ukapikwa, na kila mtu ndani ya Banda akapata kidogo.

Hapakuwa na maonyesho mwaka ule. Ni mstari wa pekee kwenye nguzo ambao haukuwa na mshindani, na wala hakuna aliyewahi kuufikia. Vita vilipokwisha mama yule alirudi kwao, hatukumwona tena.

Miaka ya themanini Banda lilikuwa kila kitu isipokuwa la maonyesho. Maonyesho yalifanyika mwaka mmoja, yakarukwa miwili. Lilihifadhi magunia ya kahawa. Lilifungisha ndoa mvua ilipoharibu turubai. Kwaya mbili za makanisa mawili zilifanyia mazoezi humo kwa zamu, na zamu zilipogongana ziliimba kwa pamoja nyimbo tofauti hadi moja ikachoka. Bibi Shamba alistaafu katikati ya mambo hayo. Alikabidhi baiskeli ya serikali, buti na daftari. Ufunguo hawakumwuliza, naye hakuwakumbusha.

Ndiyo sababu wakimbizi wa Rwanda walipoingia mwaka wa tisini na nne, wa kwanza kabisa, kabla hayajapangwa mahema ya kambi, walilala bandani. Mtendaji wa kata alikuja mbio kumuuliza nani ameamuru. Alimwambia amwandikie barua ya kumfukuza kazi. "Ila uharakishe," alisema, "maana nilishaacha." Watu walipika ndani kwa sababu mvua ilikuwa haikatiki, na walipohamia kambini waliacha kuta na nguzo zote sita zikiwa nyeusi kwa moshi. Mtu asiyeambiwa asingeweza kujua nguzo ipi ina mistari. Kulabu nayo ilikuwa imekwisha kung'olewa. Kulabu ya chuma haikai bila mwenyewe.

Naye Bibi Shamba, aliyesema kila siku kwamba nchi ni moja, Mnyambo, Mhaya, Mnyarwanda, wote wanakula ndizi, ndiye huyohuyo aliyegombana miezi sita na jirani yake Mrundi juu ya mpaka wa hatua mbili. Alimpigia kelele asubuhi, na jioni alimpelekea maharage. Sijaribu tena kuwapatanisha watu hao wawili waliokuwa ndani ya mwili mmoja. Nimejaribu, sikuweza.

Miaka miwili mitatu baada ya wakimbizi, zikaja habari kwamba paa la Banda litang'olewa. Mabati yalihitajika kwingine, na banda la moshi lisilotumika lilikuwa la nini? Mgeni rasmi angekuja siku ya wakulima kuliona na kutoa uamuzi. Bila paa, matofali yale yasingemaliza masika mawili.

Bibi Shamba alikwenda kwa mtendaji na kumwambia yeye atazungumza na mgeni. Atamwonyesha nguzo: miaka yote, sehemu zote, kuanzia kabla ya vita. Alitaka kuta zipakwe chokaa ili nguzo ionekane. Mtendaji akaniita mimi nipake, na nichore juu ya mlango maneno BANDA LA MAONYESHO kwa herufi nyekundu.

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Bibi Shamba alinipa agizo moja tu.

"Nguzo ya tatu usiiguse. Masizi yake nitayafuta mwenyewe, polepole, kwa kitambaa."

"Sitaigusa, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

Sikuigusa. Niliingia kwa mlango wa barabarani, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikaifunga nguzo ile kwa magunia na kamba ili hata tone la chokaa lisiifikie. Kisha nikazishughulikia zile nyingine tano kama ninavyoshughulikia kila kitu. Sikupaka chokaa juu ya masizi kama ambavyo mtu mvivu angefanya. Nilipiga msasa wa kukwaruza hadi mti ukatoka, halafu msasa laini. Niliziba kila ufa na kila tundu. Nilipaka chokaa mara tatu. Ilinichukua siku nne, na nakiri kwamba siku ya nne nilisimama katikati ya Banda nikajipenda.

Ndipo nikafungua magunia, ili nitazame mistari. Niliwasha kiberiti karibu, nikasugua kidogo kwa kidole. Masizi, na chini ya masizi mti mtupu. Nikasugua juu, nikasugua chini. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Nikageuka kuitazama nguzo iliyofuata, ya nne, nyeupe, laini kama yai. Kwenye nguzo hiyo, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, nilikumbuka nimeziba tundu moja la duara, safi kuliko matundu mengine. Tundu la kulabu. Nililiziba kwa mkono wangu mwenyewe na kulisawazisha kwa kisu.

Siku za maonyesho, ng'ombe walikaguliwa kwanza. Bibi Shamba, kama watu wote wa umri wake, aliingia bandani kwa mlango wa malisho, nyuma ya ng'ombe, na akahesabu kutoka huko. Ya tatu yake ilikuwa ya nne yangu.

Sikukimbia, ingawa niliwaza kukimbia. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilikwenda kwake nikiwa bado na nguo za kazi. Alikuwa anachambua maharage barazani.

"Shikamoo Bibi Shamba."

"Marahaba. Mbona una chokaa hadi kwenye kope? Wewe ndiye uliyelipaka Banda au Banda ndilo lililokupaka?"

"Nimefuta nguzo."

"Ipi?"

"Ya tatu. Ya tatu yako. Nilihesabu kutoka barabarani."

Aliacha maharage. "Ng'ombe hawaingii kwa barabarani."

"Najua. Nimejua sasa."

"Ulipiga msasa?"

"Ndiyo."

"Msasa gani?"

"Wa kukwaruza. Halafu laini."

Aliwatupia kuku harage moja bovu. "Basi imefutika vizuri," alisema. Nilianza kulia. Akanyoosha mkono ndani ya mfuko wa gauni, akafunua lile jani kavu, akanipa punje za kahawa. Nilihesabu kwa sababu mimi huhesabu kila kitu. Zilikuwa nne.

"Tafuna. Kesho uje na penseli."

Kesho yake Banda lilijaa. Mgeni rasmi alikuwa mtu mpole aliyetazama saa mara kwa mara. Mtendaji aliposema sasa Bibi Shamba atatuonyesha historia, nilijificha nyuma ya bega la mama yangu. Bibi Shamba alisimama kando ya nguzo nyeupe tupu, na kamba yake kiunoni.

"Waliowahi kupimwa hapa waje," alisema. "Na wewe binti wa vibao, toka huko. Piga magoti."

Nikapiga magoti chini ya nguzo na penseli mkononi. Kisha mzee mmoja wa Kihanga, mfupi, mwenye koti la sufi, akaja akaegemeza mgongo wake kwenye chokaa yangu, akainama na kujigusa.

"Mimi nilikuwa wa gotini. Andika Kihanga."

"Goti lipi, mzee?" mtu akapaza sauti. "La kabla hujapinda au la sasa?"

"Goti halipindi, linainama tu! Andika, mwanangu."

Nikachora. Akaja mwanamke wa Mabira, wa chini ya goti, vidole vitatu, na mwaka aliukumbuka kwa kuwa ndio aliomzaa mtoto wake wa pili. Akaja mwingine akadai katikati ya ugoko, na ukumbi mzima ukamzomea.

"Wewe ulikuwa wa paja!"

"Paja la nani?"

"La kwako! Nilikuwepo! Mkungu wako ulikuwa kama kichana!"

Bibi Shamba akamtazama tu, naye akapandisha mkono hadi pajani, na watu wakashangilia. Baba yangu akaja, amekwisha kukunja suruali tangu nyumbani. Vidole viwili. Mstari ukaniendea upande, nikashika msasa mkobani.

"Acha," Bibi Shamba alisema bila kunitazama.

Akaja mjane mmoja, mwembamba, akasimama pasipo kuegemea. "Mume wangu alikuwa wa gotini," alisema. "Lakini alikuwa mrefu. Goti lake lilikuwa hapa kwangu." Akaweka kiganja juu ya paja. Nilichora pale kiganja kilipokuwa.

Mwishoni nguzo ilikuwa na mistari mingi, iliyopinda, mingine nilijua kabisa ni ya majivuno. Mgeni rasmi alikuwa ameacha kutazama saa. Aliuliza mistari hii ni ya nini hasa.

"Ni paa lako, mheshimiwa," Bibi Shamba alimjibu. "Hawa wote wamesimama chini yake. Bado mmoja."

Akavua kiatu. Akaegemea nguzo, akainua gauni kidogo, akaweka kidole kwenye kifundo cha mguu. "Wa vita," alisema. Na wazee wote waliokuwa wakibishana tangu asubuhi hawakubishana. Nilichora mstari ule kwa kunyoosha kuliko yote.

Mgeni rasmi alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mtendaji kwamba mabati yale, kwa jinsi anavyoyaona, yana matundu mengi ya misumari, hayatafaa kwingine. Yabaki. Watu walipiga vigelegele kana kwamba ameleta mabati mapya.

Mara ya mwisho kuwa naye bandani ilikuwa miaka miwili baadaye. Miguu ilikuwa imemkataa. Aliniagiza nije na baiskeli, nikamkalisha nyuma na kumsukuma taratibu hadi bandani. Nilitaka kumwingiza kwa mlango wa barabarani uliokuwa karibu. Alinigonga bega.

"Unataka kukosea tena?"

Tukazunguka. Tuliingia kwa mlango wa ng'ombe, moja, mbili, tatu. Nikamweka kwenye kiti mbele ya nguzo. Tangu siku ile maonyesho yalikuwa yamefanyika mara mbili, kulabu mpya ilikuwepo, na chini ya mistari ya kukumbuka kulikuwa na mistari ya kupimwa. Mtu mmoja wa Mabira alikuwa ameufikia ugoko. Wa vita ulikuwa bado uko peke yake kule chini. Bibi Shamba aliutazama.

"Ule haukufika pale," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Haukufika. Uliishia juu kidogo, kama kiganja kimoja. Niliushusha. Siku ileile ya vita, si wewe uliyekosea."

Katika maisha yangu yote ni yeye peke yake niliyeamini kwamba hakuwahi kuongeza hata nusu kidole. "Kwa nini?"

"Aliubeba kichwani siku mbili, mwanangu. Nikasema hiyo njia nayo ni sehemu ya mkungu. Nikaipima pamoja."

Nje ng'ombe alilia, akajibiwa. Kisha Bibi Shamba akageuza uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona ana wasiwasi, wasiwasi kama wangu, wa mtu aliyeshika kazi yake mwenyewe mwangani.

"Utaufuta?" aliniuliza. "Umebeba msasa?"

Ulikuwa mkobani, vipande viwili, wa kukwaruza na laini. Ulikuwa unanigusa ubavuni.

"Hapana, waitu," nilimwambia. "Leo nimeusahau nyumbani."